Kuni za Mwaka Kesho

Enzi zetu, mtoto wa Kitengela akirudi nyumbani jioni hakuulizwa amepata alama ngapi shuleni. Aliangaliwa mgongoni. Mgongo wenye kuni ulipewa chai. Mgongo mtupu, hata ukiwa wa mtoto aliyeongoza darasa, ulirudishwa ulikotoka, na chai ikabaki mezani ikipoa. Mimi nilikuwa mkiani darasani na mkiani kwenye kuni, kwa hiyo katika utoto wangu wote hakuna ninachokikumbuka vizuri kama ladha ya chai baridi.

Wenzangu mliokulia huku hamhitaji kuelezwa. Lakini vijana wa leo wanadhani Kitengela ilizaliwa pamoja na magorofa yake, kwa hiyo acha niwaeleze. Hapa palikuwa uwanda mtupu: nyasi, upepo, na ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unakufuata nyumbani ukiwa umeshika viatu vyote viwili. Nyumbu walipita nyuma ya choo bila kubisha. Miti mikubwa haikuwepo. Uliokuwepo kwa wingi ni ule mgunga mfupi ambao majirani zetu Wamaasai huuita eluai, wenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa matundu. Upepo ukipita kwenye matundu yale, mti unapiga mluzi. Mgeni akiusikia husimama akasema, "Lo, ni mzuri!" Sisi tulijua waliomo ndani ya vinundu. Sisimizi. Ukigusa tawi moja tu, wanatoka wote kama watu walioitwa baraza la chifu. Unachomwa na mwiba, unaruka. Ukiruka unaumwa na sisimizi, unatupa mzigo. Ukitupa mzigo unafika nyumbani mtupu, na huko nako anakusubiri mama.

Mama alikuwa na msemo wake kwa mambo hayo. "Ukuni usiokuuma hautakupikia." Alisema hivyo huku akinichomoa miiba kwa sindano ya kushonea magunia, na sindano yenyewe iliuma kuliko miiba.

Sisi ni Wakamba. Baba alikuja huku kukata mawe machimboni, akanunua kipande cha ardhi wakati ambapo watu walimcheka kwa kununua upepo. Mama alitoka kwao akijua kuni za milimani, lakini kuni za uwandani alifundishwa na jirani yetu, Mama Naserian, mwanamke wa Kimaasai mrefu kama mlingoti wa bendera. Jioni akipita, mama humwamkia kwa Kimaasai kutoka mlangoni, "Takwenya!" naye hujibu, "Iko!" na sisi watoto tunainamisha vichwa atuguse utosini. Kiganja chake kilinukia maziwa na moshi. Ndiye aliyetufundisha kwamba eluai ni ya kupikia kwa sababu kaa lake halichoki. Mavi makavu ya ng'ombe ni ya kulaza moto, ili asubuhi usiende kuomba kaa kwa watu. Manyara, ule mti wa ua wenye utomvu mweupe, usiuguse kabisa. Moshi wake unapofusha. Na oloirien, mzeituni wa porini, ni wa kufukizia kibuyu cha maziwa tu. "Mtu anapikia maharagwe oloirien," alisema Mama Naserian, "huyo ni mtu anafunga mbuzi na ushanga."

Jiko letu lilikuwa fahari ya mtaa. Kikundi cha akina mama kilizunguka nyumba hadi nyumba kikijenga majiko, na siku ya kwetu walikanyaga udongo kwa miguu wakiimba mpaka ukawa kama unga uliokandwa wa mandazi. Likatoka jiko la mdomo mmoja na mashimo mawili ya sufuria, na bomba la bati lililotoboa paa likatazama mbinguni. Mama alilipapasa kama ndama. Kisha akanigeukia akasema neno lililoharibu Jumamosi zangu zote zilizofuata: "Hili ni lako kulitunza."

Kulitunza jiko! Vijana wanaofuta vioo vya simu kwa kitambaa laini hawajui neno kutunza. Kwanza unazoa majivu, lakini si yote. Unaacha tandiko kidogo, kwa sababu jiko lisilo na majivu ni kama kitanda kisicho na godoro, kaa halilali. Majivu uliyozoa yana kazi zake: mengine chooni, mengine kwenye sukuma wiki kufukuza wadudu, mengine ya kusugulia sufuria. Halafu unapanda juu ya mabati na kamba ya katani iliyofungwa kipande cha gunia na jiwe, unaishusha ndani ya bomba, unavuta, unashusha, na masizi yanakujibu usoni. Mwisho unaziba nyufa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu na mavi ya ng'ombe. Kila Jumapili niliingia kanisani na sikio moja jeusi. Mwalimu wa watoto alizoea kunitambua kwa sikio hilo.

Kuni zenyewe mama alizipima kwa mlio. Alichukua mbili, akazigonganisha karibu na sikio, akafumba macho. "Ukuni ni kama mtu," alisema. "Uliokomaa ukiugonga unajibu. Mbichi unanyamaza, kisha unakuja kulia machoni mwako." Zilizojibu hazikuchomwa siku hiyo. Zilipandishwa kwenye uchaga, ile rafu ya fito iliyoning'inia juu ya jiko, zikakaliwa na moshi. Na zile zilizonyamaza zilipangwa nje ukutani, zikingoja. Kwa hiyo kuni za leo zilikuwa motoni, za mwezi ujao zilikuwa juu ya vichwa vyetu, na za masika yajayo zilikuwa ukutani. Siku moja, nikiwa nimeumwa na sisimizi mpaka kwapani, niliuliza kwa nini tusichome leo tulichookota leo tukapumzika. Mama alinitazama kwa huruma. "Anayechoma leo alichookota leo ni mpita njia," alisema. "Sisi tunakaa hapa."

Sikuelewa. Sikuwa mtu wa kuelewa. Shuleni kila Ijumaa tulitakiwa kupeleka kuni za jikoni, na wenzangu walibeba eluai wakinuna. Mimi niligundua ujanja: nikafunga mzigo mkubwa wa mabua ya mahindi, mwepesi kama kofia, nikaingia getini nikipiga mluzi. Mpishi wa shule, mwanamke asiyecheka na mtu, aliyatupia mabua yangu motoni yote kwa mara moja. Yakawaka! Moto ukafika kwenye mabati, watoto wakashangilia, nikainua mikono kama mshindi wa mbio. Kabla sijaishusha, ulikuwa umezimika. Uji haukuwa umepata hata joto la kuoga mtoto. Mpishi akashika kiuno. "Huyu ni Mabua," alitangaza, na tangu siku hiyo ndilo jina langu lililojulikana, kwa sababu kila mtu mle shuleni alijua maana ya moto wa mabua.

Jina langu halisi ni Mutua. Kwa Kikamba ni jina la mkaaji, mtu anayetulia mahali. Nilipewa kwa sababu nilikaa tumboni mwa mama kupita muda wangu. Inaonekana kukaa kote nilikopangiwa nilikumaliza humo, maana tangu nitoke sijakaa tena. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Kimana kulima vitunguu, nikaondoka vikiwa bado vya kijani. Nikaenda Entarara, kule chini ya mlima, nikapanda mahindi kwenye shamba la kukodi; mahindi yaliponifika kiunoni nikawa nimesikia habari za Matasia. Matasia nikaendesha boda boda, nikibeba watu waliokuwa wakikagua nyumba zao zinavyopanda, nami nikirudi kwenye chumba ambacho sikuwahi kukipigilia hata msumari wa kutundikia koti. Kote nilikopita nilipikia kilichokuwa karibu. Kimana masanduku mabovu ya nyanya, Entarara magunzi, Matasia makaa ya kopo, na baadaye mtungi wa gesi. Uchaga sikuwa nao. Utakaushaje kuni za masika usiyojua yatakukuta wapi?

Mwaka jana nikarudi Kitengela, kwenye ploti ya nyumbani, kwa sababu ilikuwa tupu na mimi pia nilikuwa mtupu. Baba alishalala usingizi wa milele. Mama aliugua, na dada yangu mkubwa, Ndunge, akamchukua akaishi naye Kajiado mjini, kwenye gorofa. Nilikuta magorofa yamezunguka ploti yetu pande tatu, na kibanda chetu cha jiko, cha mabati, kimesimama katikati kama gari bovu kwenye yadi ya magari mapya.

Halafu Ndunge akapiga simu. Mume wake amehamishiwa kazi Nakuru. "Mama anaweza kwenda nasi," alisema. "Lakini anasema anataka kwanza kuja kwako aone. Nitamleta Ijumaa, Jumapili narudi. Akitaka kubaki abaki, akikataa tunaenda naye. Na Mutua, tafadhali, usimwahidi kitu. Unajijua."

Najijua. Lakini nilitaka abaki, na nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka vitunguu, mahindi au pikipiki. Nilikuwa nimemtembelea kule Kajiado. Alikaa kwenye kochi mikono mitupu mapajani, mama huyu ambaye mikono yake sikuwahi kuiona mitupu, akila matonge mawili na kusema ameshiba. Ndunge alimpikia kila kitu. Mama aliniambia kwa sauti ya chini, asije akamuumiza binti yake, "Chakula cha gesi kinaiva bila mtu kukingojea. Sijui nakula cha nani." Nikajua akienda Nakuru kwenye gorofa nyingine, shibe hiyo ya matonge mawili itammaliza.

Kwa hiyo nikaamua nitampikia kwa moto, kwenye jiko lake mwenyewe. Nilikuwa na siku chache, na moyo wa moto wa mabua.

Jiko lilikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Nilikumbuka habari za kichuguu na majivu, lakini mimi ni mtu wa Kitengela, na Kitengela tumekula vumbi la saruji tangu utoto. Tunaamini hakuna jambo lisiloponywa kwa saruji. Mfuko nusu ulikuwa umebaki kwa jirani anayejenga. Nikazikandika nyufa, nikalipaka jiko zima, nikalisugua kwa mwiko wa fundi mpaka likang'aa. Bomba nililitazama kutoka chini, nikaona halina shida. Likitazamwa kutoka chini, bomba huwa halina shida.

Zikabaki kuni. Asubuhi moja kijana wa boda boda akapita na mzigo wa matawi nyuma ya pikipiki.

"Niaje mzae, kuni?"

"Ni kavu?"

"Hizi? Hizi ni kavu mpaka zinaogopa kiberiti."

"Za mti gani?"

"Mti tu, mzae. Ya miiba." Akanionyesha kidole gumba kilichochanjwa. "Kuna ploti wanasafisha pale mbele, gorofa inakuja."

Nikasogea. Ilikuwa eluai, vinundu vyake bado viko. Moyo ukaruka. Huenda ni mti uleule uliowahi kuniuma. Nikakumbuka mama na mlio wake, nikasema mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikachomoa tawi moja, nikaligonga kwenye keria ya pikipiki, kile chuma cha kufungia mizigo. Ngaa! Nikafumba macho, nikasikiliza.

"Sasa unagonga nini?"

"Nyamaza. Nasikiliza."

"Unasikiliza kuni?" Akacheka mpaka akazima pikipiki. "Wazee wa Kitengela mko na mambo."

Nilimwambia alete zote. Alileta zote. Alizunguka na pikipiki yake siku nzima, nami nikimhurumia moyoni kwa kuwa kizazi chake hakijui kusikiliza kuni.

Mama akafika Ijumaa mchana, ameegemea mkono wa Ndunge, kiondo chake kikiwa begani. Ndunge alipoondoka, mama akaingia jikoni, akasimama mbele ya jiko.

"Umelipaka poda," alisema.

"Ni saruji, mwaitu. Haitapasuka tena." Mwaitu ndivyo Wakamba tunavyomwita mama.

Aliketi kwenye kigoda, kiondo akakiweka mapajani, hakukiweka chini. Nikakiona kile kiondo. Mtu aliyefika hukiweka chini.

Nikawasha. Karatasi zikashika, vijiti vikashika, nikaweka eluai. Ikaanza kulia. Maji yakatoka kwenye ncha za matawi yakichemka kwa povu, kisha ukaja moshi, na moshi haukupanda bombani. Ulifika pale, ukafikiri, ukarudi. Nikapuliza. Nikapepea kwa kifuniko. Nilipokuwa nimepiga magoti, macho yakitoka machozi, nikimwambia mama kwamba sasa unashika, saruji ikapata joto. Paa! Kipande kikaruka kikapiga mabati. Paa! Kingine kikaingia kwenye sufuria.

Mlangoni akatokea Mama Naserian, amezeeka, fimbo mkononi, lakini bado mlingoti uleule.

"Mama Ndunge! Kumbe umefika!" Wakakumbatiana ndani ya moshi bila kuonana. "Tumeona moshi tukasema ni nyumba inaungua. Baadaye tukasema, hapana, ni Mutua." Akaniangalia kwa huruma. "Hii mtoto inapika nini? Inapika wingu?"

Jioni ile niliutoa mtungi wa gesi nilioufunika kwa gunia, nikapika ugali na sukuma. Mama akala matonge mawili. Akafunika sahani kwa sahani nyingine. "Nimeshiba, mwanangu."

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta uani, ameinama juu ya rundo langu. Alichukua matawi mawili akayagonganisha karibu na sikio. Akachukua mengine mawili. Akachukua mengine.

"Mutua. Nani amekuuzia maji?"

"Lakini niliugonga, mwaitu! Ulijibu vizuri sana."

"Uliugonga na ukuni gani?"

Nilitazama viatu vyangu. "Niliugonga kwenye keria ya pikipiki."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akatafuta pa kukalia, akakalia jerikeni, akacheka tena. Alimwita Mama Naserian kupitia ua amweleze, wakacheka wawili, yule mmoja akirudia, "Keria ilimjibu! Keria ilimsalimu!" Sikuwa nimemsikia mama akicheka hivyo tangu baba alipolala, na kwa kweli kama angenitaka nikagonge pikipiki zote za Kitengela, ningekwenda.

Baada ya hapo akashika usukani. Nilibandua saruji yangu kwa nyundo. Mama Naserian akanipa mavi mabichi ya ng'ombe, nikachimba udongo kwenye kichuguu kilichobaki nyuma ya gorofa, na mlinzi wa huko akaniuliza kama natafuta dhahabu. Nikapanda juu ya mabati na kamba na gunia, na umri wangu huu, mabati yakilia chini yangu kama yanayonikumbuka. Ndani ya bomba mlikuwa na kiota cha shomoro chenye nyuzi za mitumba na kipande cha pazia. Mama alikuwa chini akielekeza kwa kidole. "Usitoe majivu yote! Acha ya kulalia!" Niliposhuka nilijitazama kwenye kioo cha dirisha. Sikio moja lilikuwa jeusi.

"Sasa kuni," nikasema, nikainamisha kichwa. "Hatuna kuni kavu."

"Na zile?" akauliza mama.

Alikuwa akitazama juu. Nikatazama. Kwenye uchaga, juu ya jiko, zilikuwepo kuni zimejipanga, nyeusi kwa masizi, zimefunikwa na utando wa buibui. Miezi yote niliyoishi pale nilipita chini yake nikitazama simu.

"Niliziweka wiki ile niliyougua," alisema.

"Uliziweka za nani?"

"Za atakayerudi."

Nilizishusha moja moja. Nilipozigonganisha zililia kama kengele ya shule. Hazikuhitaji mafuta ya taa wala kupulizwa. Tukaweka isyo, mahindi na maharagwe, na ikatokota mchana kutwa, bomba likivuta moshi bila kubisha. Mama alisukuma ukuni ndani kidogo, akarudisha nje kidogo, akafunua, akafunika, mikono yake ikiwa na kazi. Jioni alikula sahani nzima. Akajikwangulia na ukoko.

Nikadhani nimeshinda. Lakini alipomaliza aliinua macho kwenye uchaga, ambao sasa ulikuwa fito tupu, kisha akanitazama mimi. "Na kesho?" akauliza.

Ndunge alinikataza kuahidi, na mimi ahadi zangu hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeziona zikiwaka. Kiondo kilikuwa bado kitandani, kimefungwa.

Jumapili mama na Mama Naserian walikwenda kanisani polepole, kiondo cha mama begani, fimbo tatu kwa watu wawili. Nikabaki na rundo langu la aibu uani. Nilimpigia simu yule kijana wa boda boda azichukue. "Mzae," akaniambia, "kuni si soda urudishe chupa." Basi nikaona angalau Ndunge akija asizikute zimetapakaa, akapata la kusimulia mpaka Nakuru. Nikachukua panga nikaanza kuzikata na kuzipanga ukutani, chini ya upenu. Sikuwa na wazo jingine kichwani, naapa. Vinundu bado vilikuwa na wenyewe. Sisimizi wakanipanda mkono, wakaniuma palepale waliponiuma nikiwa darasa la tatu. Niliruka, nikatukana, nikaendelea.

Mama akarudi akanikuta hivyo. Akasimama nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

"Nazipanga."

"Zitawaka lini hizo?"

"Mwaka kesho," nikamjibu, huku nimebana ncha ya mwiba kwa meno.

Hapo ndipo nami nikasikia nilichosema. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo juu ya jambo lolote. Nilijua kesho, nilijua wiki ijayo nikipata nauli. Mwaka kesho ilikuwa nchi ambayo sikuwa nimefika.

Nilipogeuka, mama alikuwa anainama. Alikiweka kiondo chini, kwenye vumbi, akaja akalishika tawi nililoliweka mwisho.

"Si hivyo," alisema. "Umezibananisha kama abiria. Acha pengo, upepo upite. Na hizi za juu gome liangalie mbinguni, mvua iteleze." Akalipanga. Akachukua jingine.

Ndunge alikuja alasiri, akaacha gari likinguruma getini. Alitukuta sote wawili tumejaa vumbi na sisimizi. Akamtazama mama, akanitazama mimi na sikio langu, akatazama ukuta wa kuni mbichi.

"Mama, twende ama?"

"Wewe nenda salama, mwanangu," mama akajibu bila kuacha kupanga. "Mimi siwezi kutoka. Niko na kuni zinakauka."

Siku hizi tunachoma za kuombaomba na za kununua, na kabla ya kununua nagonga ukuni kwa ukuni, mbali kabisa na pikipiki. Watu wa gorofani wanalalamika kwamba moshi wetu unanuka kwenye nguo zao, na watoto wao wakichungulia wanauliza ni lini tutamaliza kuchoma nyama. Kwao moto ni kitu cha kubonyeza. Unabonyeza unawaka, unabonyeza unazima, na siwalaumu, maana hivyo ndivyo nilivyoishi mimi hata kabla ya gesi. Ploti ile ya eluai sasa ina gorofa nne na hakuna kinachopiga mluzi pale isipokuwa mlinzi. Kuna jioni lori la Loitokitok, la kuelekea Kimana na Entarara, linapita barabarani na miguu yangu inawasha kuliko sisimizi. Basi naenda nyuma ya jiko, natazama ukuta wa kuni, hamu ya safari inapita.

Enzi zetu niliomba kuni zikauke upesi ili nisitumwe tena. Sasa kila Jumamosi, nikishamaliza kulitunza jiko, mama hutoka na fimbo yake, huchukua mbili ukutani, huzigonganisha sikioni, hufumba macho. "Bado," husema, huzirudisha mahali pake, gome juu. Na mimi, ambaye sijawahi kungoja kitunguu kikauke, husimama pale na sikio langu jeusi, nikiziomba zinyamaze kidogo tena.